Msinisubiri

Msiba wa ziwani una ugumu ambao msiba wa nyumbani hauna. Anayefia kitandani huacha mwili, na mwili hujibu maswali mengi kabla hayajaulizwa: kwamba amekufa kweli, kwamba amekufa leo, kwamba aoshwe na azikwe. Anayechukuliwa na Tanganyika huenda asiache chochote. Ziwa hili lina kina kinachokaribia mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina hewa, hata samaki hawakai. Familia hubaki na shati ukutani, deni dukani, na maneno aliyoyasema mtu wao mlangoni akitoka. Maneno hayo ndiyo yanayowekwa mahali ambapo jeneza lingekaa, na kila mfiwa huyasogelea kwa upande wake.

Rumonge, kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura, ni mji wa mawese na samaki. Uvuvi wake ni wa usiku. Boti hutoka jua likizama, taa huwashwa juu ya maji, ndagala hufuata mwanga na mukeke huwafuata ndagala. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hulala nyumbani, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mbalamwezi. Kiangazi kikiingia, upepo wa kusini hupata mamia ya kilomita za maji matupu ya kusukuma, na mawimbi yanayotufikia sisi wa kaskazini huwa yamekwisha kukomaa. Mjomba wangu alitoka jioni moja ya kiangazi. Mlangoni alisema neno moja tu, "Msinisubiri," akaenda. Boti ilikutwa siku chache baadaye, imepinduka. Yeye na mwenzake hawakuonekana.

Katika siku za matanga neno lile lilizunguka jamvini kuliko kahawa. Bibi, mama yake, alisema mwanawe alijua. Ile ilikuwa buriani, na moyo wake ulishtuka alipoisikia. Mkaza mjomba alisikia hasira. Mchana ule walikuwa wamevutana juu ya karo ya watoto, mume akatoka bila kugeuka nyuma, na kwake neno lile ndilo lililomaliza ugomvi kwa kumnyima nafasi ya kujibu. Mjomba mdogo, aliyevua na kaka yake miaka mingi, aliwashangaa wote wawili. Kila jioni ya kazi husema hivyohivyo, alieleza. Maana yake kuleni, msiniwekee chakula, nitakula samaki ufukweni. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwepo pale mlangoni, na nilichosikia ni kwamba usiku ule tutapakuliwa mapema.

Hakuna aliyesema uongo kati yetu. Mtu hasikii kwa sikio tupu, husikia kwa kile alichokuwa nacho tayari. Bibi alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, na mama aliyezika watoto husikia kifo hata katika salamu. Mkaza mjomba alikuwa na ugomvi ambao haujapoa. Mjomba mdogo alikuwa na mazoea ya boti. Mimi nilikuwa na njaa.

Mjomba angerudi alfajiri ile, neno lingejifia lenyewe. Mkewe angemuuliza jana alikuwa na maana gani, naye angecheka au angenuna, na jibu lolote lingekuwa jibu. Ndivyo watu hai wanavyoishi: kila siku tunaelewana vibaya, na kila siku tunarekebishana bila hata kuona kwamba tumerekebishana. Uso uliokunjamana, kicheko, "hapana, hebu nieleze vizuri", na mambo yanaendelea. Mtu akifa tunalilia sauti yake, mwendo wake, mkono wake uliotulisha. Hatutaji kitu kingine kilichokwenda naye, nacho ni uwezo wake wa kutuambia, "Sikumaanisha hivyo."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Walikuwa wakimsema anayekosa baraza. Kwa marehemu mambo huenda kinyume: lake lipo, tena limejaa nyumba nzima, ila halina mwenyewe. Kila aliyebaki amelishika kipande, na hakuna wa kuwaambia nani ameshika sawa.

Kwetu jambo hili halikubaki la moyoni tu. Sheria nayo ilihitaji jibu. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, lakini siku hizo huhesabiwa tangu kifo cha mume, na nani alikuwa amekiona kifo chenyewe? Fiqhi ina mlango mzima juu ya mtu aliyepotea, na wanazuoni tangu zamani hawakuafikiana juu ya muda wa kumngoja. Wazee wa familia walikaa na shekhe. Katikati ya maneno mmoja wao akatoa hoja ambayo hakuna aliyeitarajia: mbona mwenyewe alisema asisubiriwe? Mkaza mjomba aliyekuwa chumba cha pili akaisikia, akatoka nje. Neno la chakula cha jioni, au la hasira, au la buriani, sasa lilitakiwa litoe ruhusa ya kumhesabu mtu kuwa maiti.

Shekhe alilikataa. Alisema ataangalia boti iliyopinduka, upepo wa usiku ule, na wavuvi waliotafuta hadi Nyanza-Lac bila kumpata. Neno la mlangoni aliliacha kwa watu wa nyumba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake ndani yake. Sikuelewa wakati ule jinsi alivyotutendea wema. Alitenga kilichotukia na kilichosikika, akaihukumu eda kwa kile cha kwanza, na cha pili akatuachia tukililie. Watu wengi wanaoheshimiwa zaidi yake, wenye vitabu na ramani, walishindwa kufanya hivyo kwenye ziwa hilihili.

Machi 1858 Mwingereza John Speke alivuka kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa Kongo, kumtafuta mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Hamid bin Sulayyim ili akodi jahazi lake. Yeye na mkuu wake wa safari, Richard Burton, walikuwa na swali juu ya mto Rusizi, ulioko kwenye ncha ya kaskazini. Je, unaingia ziwani au unatoka? Ukiwa unatoka, pengine Tanganyika ndiyo mama wa Nile, na wao ndio waliomgundua. Speke hakujua Kiarabu. Aliongea Kihindustani na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni na kupelekwa India, na maneno ya Hamid yakamfikia kwa njia hiyo. Alirudi Ujiji na jibu walilolitamani: mto unatoka.

Aprili wakapanda mitumbwi, wakaambaa na pwani hii ya Burundi kuelekea kaskazini, kisha wakavuka hadi Uvira. Huko wana watatu wa chifu Maruta, wenyeji wa mahali penyewe, wakawaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani. Burton ameandika kwamba hapo ndipo Bombay naye aliposema Speke hakumfahamu Hamid: yule Mwarabu alizungumzia mto unaoingia. Maneno yalikuwa yaleyale, yakapita vinywa viwili na masikio mawili, na yalipofika kwenye daftari mto ulikuwa umegeuka na kupanda mlima.

Speke alibahatika, kwa maana wenye mto walikuwa hai na waliweza kumkatalia. Hata hivyo tamaa haikuisha. Burton aliporudi kwao, na Speke alipotangaza kwamba chanzo cha Nile ni ziwa Victoria, Burton aligeuka akatetea tena kwamba Rusizi huenda unatoka. Walipangiwa mdahalo mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa windoni. Uchunguzi ulisema ni ajali. Waliompenda walikubali, waliomchukia walisema ameukimbia mdahalo, na hadi leo wanaoandika habari zake huchagua upande. Naye ndiye pekee ambaye angeweza kuwaambia wakae kimya.

Novemba 1871 wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, walipita tena pwani hii kwa mtumbwi, wakafika kwenye mdomo wa Rusizi na kuona kwa macho yao maji yakiingia ziwani. Njiani walilala kwa chifu Mukamba. Hapo Mugere, kilomita chache nje ya Bujumbura kwenye barabara ya kwenda Rumonge, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina yao mawili na tarehe 25-XI-1871. Wengi watakuambia ndipo walipokutana. Walikutana Ujiji, mapema zaidi, na jiwe lenyewe halidai vinginevyo. Halisemi walikutana wala walilala. Linasema majina na tarehe, na mengine yote tumelisemea sisi.

Nayataja haya kwa kuwa kuna watu ambao wakisikia kwamba kila mtu husikia kwa namna yake, huamua kwamba basi ukweli haupo, na kila tafsiri ni sawa na nyingine. Sivyo. Rusizi unaingia ziwani, Burton atake asitake. Mjomba alikusudia jambo fulani alipofungua mlango, na jambo hilo lilikuwa moja au mawili, halikuwa manne. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia ni lipi. Huo ni upungufu wetu, na haufai kugeuzwa uhuru wa kumsemesha marehemu tunavyotaka.

Ziwa lina somo jingine, la wakati. Ng'ambo, upande wa Kongo, upo mto Lukuga. Mwaka 1874 msafiri Verney Lovett Cameron alisema maji ya ziwa yanatokea hapo. Mwaka 1876 Stanley alifika akakuta tope na matete yameziba, akasema mto hautoki bado. Mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari, aliuona ukitoka kwa nguvu. Ungewaweka watatu hao chumba kimoja wangeitana waongo. Lakini katika miaka ile ziwa lilikuwa likipanda, hatimaye likavunja kizuizi na kuanza kujimwaga. Kila mmoja alisema kweli ya mwaka wake.

Miaka mingi baada ya matanga, binti wa mjomba aliolewa. Usiku wa kuamkia ndoa mkaza mjomba alikuwa akipepeta mchele na wanawake wenzake, na bila kuulizwa akasema, "Unajua, alikuwa hapendi tukeshe. Alikuwa akitutaka tulale." Akaendelea kupepeta. Neno lilelile lililomkata moyo lilikuwa limehamia upande mwingine wa moyo huohuo. Hakupata habari mpya wala shahidi mpya. Ugomvi wa karo ulikuwa umekwisha kwa njia pekee uliyoweza kwisha, watoto wakasoma, mkubwa akawa anaolewa. Sikuthubutu kumwambia kwamba zamani alisema vingine. Lakini nilijiuliza: je, angefika hapo kama siku zile za matanga asingemsikia shemeji yake akisema kwamba kaka husema hivyo kila jioni? Hakumkubali wakati ule. Alilihifadhi tu, na alipokuwa tayari akalikuta.

Kwa hiyo naona matanga yana kazi tusiyoitaja. Tunasema ni kuwafariji wafiwa, na ni kweli. Lakini pia ni mahali ambapo tafsiri za watu hukutana na kukatazana. Mama anasikia ya mke, mke anasikia ya ndugu, jirani anakumbuka la soko. Maiti hawezi tena kuturekebisha, basi tunarekebishana wenyewe kwa kuketi pamoja. Ukitaka kujua ubaya wa kukosa hilo, itazame nchi iliyonyimwa matanga.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi uliwaka kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa kwanza, na waasi wa Kihutu wakaua Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi, yakiwalenga hasa Wahutu wenye elimu au cheo: walimu, wanafunzi, makarani, askari. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 hadi 300,000. Warundi wanayaita Ikiza. Watu waliitwa ofisini au walitolewa darasani, hawakurudi, na jamaa zao hawakupewa miili wala ruhusa ya kuomboleza hadharani. Kila nyumba ikabaki na maneno yake ya mlangoni, imejifungia nayo, bila shemeji wa kukataa wala jirani wa kuongeza. Miaka ikapita hivyo, kisha ikawa kizazi kizima.

Waliookoka wengi walikimbilia Tanzania, ambako makazi yalifunguliwa Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi miongoni mwao katikati ya miaka ya 1980, akachapisha kitabu Purity and Exile mwaka 1995. Mishamo alikuta watu wanaosimulia historia moja, iliyopangika, yenye mafunzo, juu ya wao ni nani, walitendwa nini, na kwa nini uhamisho wao una maana. Kigoma mjini alikuta wakimbizi wa msiba uleule wasiopenda kuisimulia, waliooa na kuolewa huko, wakafanya biashara, na kujitambulisha kwa majina mengine siku ilipolazimu. Kilichowatenga ni mahali walipokaa na msiba wao, na watu waliokaa nao. Huko makazini kila aliyesimulia alisikilizwa na mtu mwenye hadithi ileile.

Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 wengi walirejea, na waliorudi Rumonge walikuta michikichi yao ina wenyewe wengine. Baadhi ya ardhi ilikuwa imechukuliwa na miradi ya serikali, nyingine ilikuwa imegawiwa au kuuzwa kwa watu ambao hawakumfukuza mtu. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea kesi za namna hii kwa maelfu. Katika shamba moja, mmoja anaona kaburi la baba asiyezikwa, mwingine anaona mahali alipozalia watoto wake. Wote wawili wanaona kitu kilichopo. Ila shamba halina huruma ya neno: neno moja laweza kuwakaa watu wanne moyoni, ilhali mche mmoja haukubali wachumaji wawili wanaochukiana.

Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua karibu na mto Ruvubu, mkoani Karusi, mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Nguo, miwani na rozari vilisaidia kuwatambua baadhi yao. Desemba 2021 tume ikatangaza kwamba yaliyotendwa mwaka 1972 dhidi ya Wahutu ni mauaji ya kimbari. Wapo waliosikia humo, kwa mara ya kwanza, nchi ikisema kwa sauti walichonong'ona miaka 49. Wapo waliosikia kwamba ndugu zao waliouawa katika siku za mwanzo, pwani hii, wameachwa nje ya jamvi. Nikifikiri hapo namkumbuka shekhe wetu. Mifupa, miwani na idadi havina kabila la kusikia. Hivyo viandikwe kwanza, vya kila upande, vikamilike. Halafu watu wakae, kila mmoja alete alichosikia, na akubali kusikia cha mwenzake bila kudhani kwamba chake kinaibwa.

Siku hizi wafu wetu huacha sauti kwenye simu. Yupo mtu wa Rumonge anayeishi ng'ambo ambaye kila Ijumaa husikiliza ujumbe wa mama yake, sekunde chache za kumuuliza kama amekula. Anasema zamani aliusikia kama usumbufu, sasa anausikia kama dua. Sauti haikubadilika hata chembe. Mashine inaweza kurudia neno mara elfu, haiwezi kulijibia swali hata moja.

Nimeacha kutafuta mjomba alimaanisha nini. Ninachoweza kumlipa ni kulitunza neno kama alivyolitamka, kuwaambia watoto wetu pamoja na masikio yote manne, na kutomruhusu yeyote, hata mimi, kuapa kwamba lake ndilo. Deni kubwa zaidi ni kwa walio hai. Mtu akikuambia neno likakuchoma, yupo pale, muulize kabla hajashuka ziwani. Na akikujibu kwamba hukumwelewa, usishindane naye juu ya maneno yake mwenyewe. Mwache akubishie.